Njia ya Mtoni si Mali ya Mtu Mmoja

Wazee wetu walituachia methali mbili juu ya mtu atembeaye. Ya kwanza yasema kuwa mtembezi hula miguu yake, yaani ajichosha bure. Ya pili yasema kuwa mtembea bure si sawa na mkaa bure, kwani yule atembeaye huenda akaokota kitu. Jumapili moja ya kiangazi, mimi na wenzangu wawili tulikwenda Ubena kuzipima methali hizo kwa miguu yetu wenyewe.

Wasafiri wengi waijua Ubena kwa dirisha la basi tu. Ni kata iliyo kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro, ukiisha kupita Chalinze. Basi husimama, abiria hununua matunda, kisha safari huendelea. Lakini mtu akiiacha lami na kushika njia ya kusini, huliingia bonde la mto Ngerengere, na hapo ndipo nchi yenyewe inapoanza kujieleza. Mto huo watoka katika milima ya Uluguru, wapita mji wa Morogoro, wageuka kuelekea mashariki, kisha wajitia katika Ruvu. Ruvu nao humwaga maji yake baharini, upande wa kaskazini wa mji wa Bagamoyo.

Nia yetu ilikuwa kuzunguka. Tulitaka kwenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine, kijiji kwa kijiji, mto ukiwa kando yetu, wala tusizikanyage nyayo zetu mara ya pili. Alfajiri tulipita katikati ya mabua ya mahindi yaliyokwisha vunwa. Jua lilipochomoza tulifika penye mikuyu mikubwa na matete marefu, na chini yake maji membamba yakipita juu ya mchanga. Kiangazi mto huu ni mnyenyekevu sana. Asiyeuona wakati wa masika hawezi kuamini jinsi uwezavyo kukasirika.

Hatukuwa peke yetu hata kidogo. Njia ile nyembamba, isiyotosha watu wawili kwenda sambamba, ilikuwa na shughuli kama barabara ya mjini. Tuliwapisha wanawake waliojitwika ndoo za maji. Tulimpisha kijana aliyekuwa akiisukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Tulipishana na wachungaji na ng'ombe wao, na watoto waliokuwa wakienda kanisani, viatu mkononi wasivitie vumbi. Kila mmoja alitusalimu, na kila mmoja alitutazama kwa mshangao.

Chini ya mkwaju tulimkuta mzee mmoja akisuka kamba ya mkonge. Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba, wanangu. Mmepotelewa na ng'ombe?" Tukamwambia la, twatembea tu, twauzunguka mto. Akacheka sana. "Basi mmechelewa," akasema. "Zamani ungeweza kutoka hapa, ukavuka kule chini, ukarudi kwa ng'ambo, na jua halijatua umefika kwako. Siku hizi duara limekatika."

Hatukuyaelewa maneno yake mpaka tulipotembea kadiri ya nusu saa. Hapo njia ilikoma ghafula mbele ya uzio wa seng'enge ulioshuka mpaka majini. Ndani yake palikuwa na mashina ya miti iliyokatwa na bustani ya mboga iliyolimwa mpaka ukingo wenyewe wa mto, hata udongo ulikuwa ukimomonyoka na kuanguka majini. Tulilazimika kupanda juu, kuuzunguka uzio wote, na kushuka tena upande wa pili. Kwetu sisi watembezi hilo lilikuwa jasho la siku moja tu. Lakini nyuma yetu alikuja msichana mwenye ndoo ya lita ishirini kichwani, naye akaishika njia ile ile ndefu bila kunung'unika, kwani yeye huipita kila siku.

Ndugu msomaji, fikiri jambo hili. Katika bonde lile Wajerumani walipitisha reli, nayo ikafika Morogoro mwaka 1907. Kandokando ya reli yakapandwa mashamba makubwa ya mkonge, na mipaka yake ikapimwa kwa minyororo na kuchorwa. Baadaye ikaja barabara ya lami. Mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, nayo yasimama Ngerengere. Yote hayo yamo katika ramani, na sisi twajivunia yale tuliyoyajenga wenyewe. Lakini njia ya miguu, ambayo watu wengi zaidi huitumia kila siku ya Mungu, haimo katika ramani yo yote. Nacho kisichoandikwa ni rahisi kuibwa. Aliyejenga uzio ule labda hakujiona mwizi, kwani hakuona karatasi yo yote iliyomwambia kuwa hapo pana njia.

Wala jambo hili si la Ubena peke yake. Huko Uingereza, tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa Manchester na miji ya jirani, waliupanda mlima wa Kinder Scout, uliofungwa na wenyewe ili wapate kuwinda ndege. Vijana hao walifanya kazi viwandani juma zima katika moshi, nao walitaka kupata hewa siku ya Jumapili. Watano kati yao walitiwa gerezani. Lakini mwaka 1949, wakati wa Serikali ya chama cha Labour, ilitungwa sheria iliyoziagiza halmashauri kuzipima njia zote za miguu zilizo haki ya watu na kuzichora katika ramani. Tangu hapo, njia iliyochorwa haifungwi kwa matakwa ya mwenye shamba.

Sisi tuna haja kubwa kuliko wao. Wale walitafuta burudani, nasi twatafuta maji, shamba, shule na zahanati. Na sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za binadamu, na zile ziwezazo kuharibu hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaikabidhi Halmashauri ya Kijiji ardhi kama mdhamini, wala haiiruhusu kuigawa bila ya idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Sheria hiyo hiyo yaruhusu vijiji jirani kupatana juu ya ardhi waitumiayo pamoja. Na Sheria ya mwaka 2007 juu ya mipango ya matumizi ya ardhi yakipa kijiji uwezo wa kuonyesha wapi ni shamba, wapi ni malisho na wapi ni msitu. Kama vyote hivyo vyaweza kuchorwa, kwa nini njia isichorwe?

Mfanyakazi wa Dar es Salaam aweza kuuliza, "Ya Ngerengere yanihusu nini?" Afungue bomba lake apate jibu. Mtambo wa Ruvu Juu, uliojengwa Mlandizi mwaka 1959, waweza kutoa lita milioni 196 kwa siku, na ule wa Ruvu Chini wa mwaka 1976 waweza kutoa lita milioni 270. Yote hutoka mto Ruvu, ambao hulishwa na mito kama Ngerengere. Mwezi wa Oktoba 2022 maji ya Ruvu yalipopungua, jiji zima lilitiwa katika mgawo wa maji. Ukingo unaolimwa mpaka majini huko bara waweza kuwa tope na ukame mjini. Na mahali ambapo watu bado hupita kila siku, ukingo una macho. Uharibifu huanza pale ambapo njia imefungwa na hapana aonaye.

Kwa hiyo twashauri mambo mawili. Kwanza, vijiji vya bonde lile vikae pamoja, viiandike njia yao ya mtoni katika mipango yao ya ardhi, viweke mawe ya alama, na kila mwaka wazee na vijana waipite pamoja, ili mwenye kuziba ajulikane mapema. Pili, viongozi washuke katika magari. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha, na hapana aliyesema kuwa alikula miguu yake. Kiongozi aliyezunguka mto mara moja hatahitaji kusomewa taarifa ndefu juu ya uzio.

Tulirudi barabarani usiku umeingia, miguu ikiuma. Mzee wa mkwaju alikuwa amesema kweli: duara limekatika. Lakini limekatika mahali pamoja tu tulipopaona, na kamba iliyokatika mahali pamoja huungwa. Nasi tulimwacha mzee yule mikononi mwake mna kamba.