Mimba 'imetoka' au 'imetolewa'? Manong'ono yetu na sheria ya uzazi

Sisi Waswahili tuna maneno mawili ambayo yakitamkwa upesi yakaribia kufanana, lakini moja huleta pole na jingine huleta polisi. Mama akipoteza mimba bila kutaka, twasema mimba imetoka. Akishukiwa kuifanyia hila, twasema imetolewa, au mwenyewe ameitoa. Hospitalini wote wawili hufika kwa njia moja: kwa damu na kwa maumivu, na mara nyingi usiku. Jirani aliyesaidia kumpandisha garini ndiye atakayeamua, kesho yake penye mfereji, ni neno gani litumike.

Hivi majuzi nilikuwa barazani Mji wa Kale, Mombasa. Walikuweko mwalimu mstaafu, mwenye duka, kijana wa chuo kikuu na wazee wawili. Kijana akauliza: je, sheria ya Kenya yaruhusu mimba itolewe? Mwalimu akasema hairuhusu kabisa, kwa hali yoyote. Mwenye duka akasema tangu Katiba mpya imeruhusiwa, hata kwa mwanafunzi anayeogopa babake. Mzee mmoja akasema hayo si maneno ya barazani, akaagiza kahawa nyingine, na mazungumzo yakageukia bei ya samaki. Makala haya ni jibu kwa kijana yule, kwa sababu jibu lipo na limeandikwa.

Tuanze na sheria kongwe, yaani Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa Mwingereza. Kifungu cha 158 chamwekea anayejaribu kumtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria kifungo cha hadi miaka 14. Mwanamke mwenyewe, kwa kifungu cha 159, aweza kufungwa miaka 7. Anayempa dawa au chombo akijua kitatumikaje, miaka 3. Mizizi ya maneno haya ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1861. Waingereza wenyewe waliilegeza mwaka 1967. Sisi tukabaki tumeshika nakala ya babu zao, nasi twaiita mila yetu.

Kisha ikaja Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 26 chasema kila mtu ana haki ya kuishi, na kwamba uhai huanza mimba inapotungwa. Chasema pia kwamba kutoa mimba hakuruhusiwi. Lakini hapo hapo chaongeza neno "isipokuwa". Isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, pana haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa yaruhusu. Msomaji alitazame vizuri neno afya. Sheria ya kale ilimkinga daktari aliyepasua ili kuokoa uhai. Katiba imeongeza na afya. Tena haikusema daktari peke yake. Imesema mtaalamu wa afya, na katika zahanati zetu nyingi huyo ni mwuguzi au afisa wa kliniki.

Basi mwalimu alikosea, na mwenye duka pia alikosea. Hata hivyo siwalaumu. Viongozi wengi wa makanisa waliipinga Katiba ile kwa sababu ya kifungu hicho hicho, na katika kampeni kila upande ulikieleza kwa namna ya kutisha au ya kutuliza. Tarehe 4 Agosti 2010 wananchi wakaipitisha kwa kura zaidi ya nusu kwa mbali. Kanuni ya Adhabu ikaachwa palepale ilipokuwa, haikuguswa hata nukta. Askari anayo moja, mwuguzi anayo nyingine, na mgonjwa hana hata moja.

Mwaka 2012 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kuwaeleza wauguzi na madaktari lini waweza kumsaidia mama na vipi. Mwishoni mwa 2013 wizara hiyo hiyo ikauondoa, na mafunzo yakasimamishwa. Baadaye akatokea binti mmoja, ambaye simtaji, aliyenajisiwa akiwa na umri wa miaka 14 na kushika mimba. Ikatolewa kwa njia ya hatari. Alihangaishwa kutoka hospitali hadi hospitali, mafigo yakaharibika, na mwaka 2018 akafariki. Mama yake, pamoja na chama cha wanasheria wanawake cha FIDA, walikuwa wamekwenda Mahakama Kuu. Mwezi Juni 2019 majaji watano wakaamua kwamba kuuondoa mwongozo ule hakukuwa halali, na kwamba mimba ya kunajisiwa yaweza kutolewa ikiwa mtaalamu aona inahatarisha uhai au afya ya mama, ya mwili au ya akili.

Si jambo la watu wachache hili. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2012 ulikadiria kwamba mimba zilizotolewa nchini mwaka huo zilikuwa zaidi ya 460,000, na wanawake wapatao 120,000 walitibiwa hospitalini kwa madhara yake. Hao ni waliofika.

Ajabu ni kwamba nchi hii haikuanza kwa woga. Mwaka 1967 Kenya ilikuwa ya kwanza kusini mwa Sahara kuwa na mpango wa serikali wa uzazi. Lakini uchunguzi wa 1977-78 ulionyesha mwanamke wa Kenya huzaa kwa wastani watoto wapatao 8, idadi iliyowashangaza mabingwa wa dunia nzima. Vidonge vilikuwako, vilikuwa kabatini. Mwaka 1984, baada ya mtoto wetu wa nne, mke wangu alikwenda kliniki kutaka sindano akaambiwa arudi na idhini ya mume. Siku ya pili nikaandamana naye. Tukaketi kwenye benchi na akina mama kama thelathini, mimi mwanamume peke yangu, nikatia sahihi kama anayechukua mkopo. Mama aliyeketi karibu akaniomba nimtilie na yeye, kwa kuwa mumewe alifanya kazi Nairobi na huja mwisho wa mwezi tu. Karani aliyasikia hayo akamrudisha. Aliondoka na mtoto mgongoni na mwingine mkononi.

Mahali pasiposemwa kitu wazi, uvumi ndio hufunza. Katika miaka hiyo ya 1980 ilivumishwa kwamba maziwa ya Nyayo waliyopewa watoto shuleni yametiwa dawa ya kuzuia uzazi. Katikati ya miaka ya 1990 kondomu zilichomwa moto hadharani Nairobi, na viongozi wa Kikatoliki na wa Kiislamu wakiwa bega kwa bega, jambo ambalo kwa nadra walikubaliana. Mwaka 2014 maaskofu wa Kikatoliki walidai chanjo ya pepopunda ina homoni ya kugumbisha. Serikali na Shirika la Afya Duniani wakakanusha.

Wabunge nao wana lao. Palikuwa na sheria ya mwaka 1959 iliyomwezesha msichana aliyezalishwa nje ya ndoa kumshtaki mwanamume korti ikamlazimisha kutoa matunzo. Ilifutwa mwaka 1969, na Bunge lililoifuta halikuwa na mwanamke hata mmoja. Mambo ya mimba yana watu wawili, lakini sheria zetu zilizoea kumwona mmoja.

Wengi huniambia kunyamaza ndiyo heshima yetu ya kale. Mimi sikubali. Huku pwani msichana alipovunja ungo hakuachwa ajifunze kwa mashoga zake. Alikabidhiwa somo, mwanamke mzima aliyemfunza kujitunza mwezini, unyumba, na mambo ya uzazi, kwa maneno makavu ambayo leo hayachapiki gazetini. Sisemi yote aliyofunza somo yalikuwa mema. Mengine yalikuwa ya kumfanya mke awe mtumwa wa chumbani. Lakini alisema. Hata vitabu vya dini havikunyamaza. Imamu Ghazali, zaidi ya miaka 900 iliyopita, alijadili waziwazi suala la mume kumwaga nje ili mke asishike mimba, akaona halikuharamishwa. Wazee wa msikitini walijadili, nyanya zetu walifundisha, na sisi wenye redio na simu ndio tunaonong'ona.

Mambo yamebadilika kwa kiasi. Mwaka 2022 wastani wa watoto kwa mwanamke ulikuwa umeshuka hadi 3.4. Lakini wastani huficha mengi. Uchunguzi wa mwaka huo ulikuta wasichana 5 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 kule Nyeri wamewahi kushika mimba. Kule Samburu walikuwa 50. Nchi ni moja na Katiba ni moja.

Nilimwuliza mwuguzi mmoja wa pwani, aliyefanya kazi ya zamu ya usiku kwa zaidi ya miaka 20, anafanyaje aletewapo mgonjwa wa namna hii. Alinikumbusha kwanza kwamba kumtibu mwanamke anayevuja damu si kosa, hata kama mimba aliitoa mwenyewe, ingawa baadhi ya wenzake bado huogopa kumgusa mpaka daktari aje asubuhi. Jamaa waliomleta huwa wamekwisha kugombana mlangoni: huyu asema imetoka, yule asema imetolewa. Yeye huwaomba wakae nje, hufunga pazia, na humwuliza mgonjwa jambo moja tu: damu imeanza saa ngapi?