Nani anachagua wimbo kwenye kiwanja cha watoto wetu?



Siku ya mupira kati ya shule mbili ni siku ya furaha. Tangu asubuhi watoto wanafua jezi, wanaomba viatu kwa wakubwa zao, wamama wanatengeneza maji na karanga za kuuza. Hapa kwetu Barumbu ni hivyo, na ninyi mnaokaa kwenye machimbo ya Banalia na Bafwasende, au kule Likasi na Kolwezi, mnajua kama ni vile vile. Lakini siku hizi, mbele ya ekipe kuingia kiwanjani, mtu mwingine anafika kwanza: mwenye sono. Anakuja na jenereta na bafle mbili kubwa, anaziweka karibu na mstari, pale watoto wadogo wanapoketi. Kisha anafungua muziki. Tangu hapo hakuna anayesikia jirani yake, na wimbo unaosikika ni ule wa bar ya usiku.

Mama mmoja aliniuliza hivi: "Baba mchungaji, tulileta batoto kwa mupira ao tuliwaleta kwa ngoma ya walevi?" Ulizo lake ni zuri. Tulitazame pamoja, bila hasira.

Mambo yaliyotokea Tunduma

Wengi wenu mnajua jina la Tunduma. Ni mji wa mpaka kati ya Zambia na Tanzania, ambapo malori ya shaba ya Katanga yanapita kwenda bandari ya Dar es Salaam. Mwaka 2023 mji huo ulisemwa sana kwa sababu nyingine. Video ilionyesha wanafunzi wa shule ya msingi wakicheza shuleni wimbo "Honey" wa Zuchu, mwimbaji wa kike kutoka Zanzibar. Wakubwa wa serikali waliona kama wimbo ule haufai watoto, na walimu wakuu wawili walivuliwa cheo chao.

Watu waligawanyika. Wengine walisema ni haki, kwa sababu shule ni nyumba ya malezi. Wengine walisema walimu wameonewa, maana wimbo ule ulipigwa kila siku kwenye radio, sokoni na kwenye arusi, na wazazi wale wale waliucheza pamoja na watoto wao.

Mimi naona pande zote mbili zinatufundisha kitu. Ni kweli kwamba mkubwa wa shule anajibu juu ya kila jambo linalofanyika katika uwanja wake. Lakini ni kweli vilevile kwamba adhabu ilikuja nyuma, wakati video ilikuwa imekwisha kusambaa. Hakuna mtu anayeweza kurudisha sura za watoto wale kutoka kwenye telefone za watu. Basi kazi yetu ni kufika mbele, si kungoja tuanze kutafuta wa kulaumu.

Makelele yanakula masikio

Tuanze na sauti yenyewe, hata kama wimbo ni wa dini. Ndiyo, hata kwaya inaweza kuharibu masikio.

Sauti inapimwa kwa desibeli. Watu wawili wakizungumza kwa utulivu, ni karibu desibeli 60. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 katika juma moja bila hatari. Kwa mtoto, ni desibeli 75 tu. Na kila sauti inapopanda desibeli 3, saa zile zinakatwa nusu. Ukifika desibeli 90, mtu mzima anabakia na saa 4 tu kwa juma zima. Ukifika 100, ni karibu dakika 20. Mchezo mmoja wa mupira ni dakika 90.

Ninyi familia za wachimbaji mnajua jambo hili kuliko watu wengine. Nani hajui baba aliyefanya kazi miaka mingi na mashine ya kutoboa mawe, ambaye leo anaitwa mara tatu mbele ya kuitika? Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Vikikufa, haviote tena, na hakuna dawa ya kuvirudisha. Baba alipoteza masikio yake kwa kutafuta chakula cha nyumba. Mtoto atapoteza yake kwa sababu gani? Kwa kuketi mbele ya bafle siku ya furaha.

Tukumbuke pia Kombe la Dunia la mwaka 2010 kule Afrika ya Kusini, na zile tarumbeta za plastiki zinazoitwa vuvuzela. Sauti yake kwa karibu ilipita desibeli 120. Mwaka ule ule, wakubwa wa mupira wa Ulaya (UEFA) walizikataza katika mashindano yao. Wakubwa wenye viwanja vya mamilioni wameogopa makelele, na sisi tunaweka bafle karibu na watoto wa miaka saba!

Kuna hatari nyingine tena. Mtoto akianguka na kuvunjika mguu, nani atasikia kilio chake? Mwamuzi akipiga filimbi, nani ataisikia?

Kila wimbo na mahali pake

Sasa tuseme juu ya maneno. Vijana wanaweza kusema: "Bazee banachukia miziki yote." Hapana. Wazee wetu hawakuchukia muziki, walijua tu kuupanga.

Fikirini nyimbo za mapasa. Katika makabila mengi ya Katanga na ya jirani zake, watoto mapasa wakizaliwa, watu wazima wanaimba nyimbo zenye maneno mazito ya mwili, maneno ambayo siku nyingine yangeleta haya na hata kesi. Siku ile yanaruhusiwa, kwa sababu ya kazi yake. Lakini hakuna mzee aliyebeba nyimbo zile mpaka sokoni ili watoto wazicheze. Neno lilikuwa na siku yake, na watu wake.

Hata serikali za leo zinafikiri hivyo. Mwaka 2019 bodi ya filamu ya Kenya ilisema nyimbo "Tetema" na "Wamlambez" zibaki kwenye klabu na baa, kwa watu wazima. Haikusema muziki wote ufe, ilisema mahali. Na katika nchi yetu, sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inahesabu kila mtu asiyefikisha miaka 18 kuwa mtoto. Basi kiwanja cha shule ni mahali pa watoto, hata kama watu wazima ndio wanaojaa pembeni.

Hapa nataka kusema neno gumu, hasa kwa wanaokaa karibu na machimbo. Wimbo wa mambo ya kitanda ukipigwa wakati wa mapumziko, nani anaitwa katikati kucheza? Ni wasichana wa shule. Na nani anasimama pembeni na franka mkononi? Ni mwanaume aliyeuza almasi au dhahabu yake juma lile. Anatupa noti, watu wanapiga makofi, telefone zinachukua video. Msichana wa miaka kumi na nne anafikiri amesifiwa, kumbe amewekewa bei mbele ya watu wote. Kesho yake yule mwanaume anajua jina lake na shule yake. Mimba nyingi tunazozililia zinaanza kwa njia kama hiyo. Tusiseme ni mchezo tu.

Muziki wa kumpa mchezaji nguvu

Je, tunyamazishe kiwanja? Hapana! Mchezo bila muziki ni kama ugali bila mboga. Kule Équateur, watu wa Tumba walikuwa na mashindano ya mieleka ya siku nzima, na ngoma ya kusema ilifuata kila kitu. Iliita wapiganaji, ikasalimu shujaa anapoingia, ikamtia moyo anayechoka, ikamsifu mshindi. Na sisi wa mto Congo tunajua ngoma ya Walokele. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu, karibu na Kisangani, alijifunza lugha yake na akaandika kitabu juu yake mwaka 1949. Ngoma ile ilimtaja mtu kwa jina la heshima. Angalieni tofauti: ngoma ile ilitumikia mchezaji, bafle ya leo inamfunika.

Tusisahau tena kama TP Mazembe, iliyofika mwisho wa Kombe la Dunia la Vilabu mwaka 2010, ilianza shuleni. Mwaka 1939 watawa Wabenedikto wa Institut Saint-Boniface, kule Lubumbashi, waliianzisha kwa ajili ya wanafunzi wao. Mupira mkubwa wa nchi yetu umezaliwa katika uwanja wa shule ya kanisa. Uwanja ule si kitu kidogo.

Tufanye nini?

Kwanza, tuulize nani analipa sono. Mara nyingi shule haina franka, basi mfanyabiashara au mtu wa siasa anatoa. Anayelipa ndiye anayechagua wimbo. Komite ya wazazi ikichanga kidogo kidogo, hata kwa kulipa mafuta ya jenereta tu, ina haki ya kusema. Na mtu akitaka kusaidia, apokelewe kwa shukrani, lakini aambiwe masharti mbele.

Pili, mwalimu mmoja na vijana wawili wasikilize nyimbo siku mbili mbele ya mchezo. Nasema vijana, kwa sababu wao ndio wanaojua maneno ya kificho ya Kilingala cha leo na ya Kiingereza cha Nigeria. Mchungaji peke yake atapitisha wimbo mbaya kwa kufikiri unaimba juu ya ndizi.

Tatu, bafle ziwekwe juu ya meza, mbali na watoto, zielekee uwanja mtupu. Muziki upigwe mbele ya mchezo, wakati wa mapumziko, na nyuma. Mupira ukichezwa, bafle zinyamaze, watoto waimbe wenyewe kwa ngoma na makofi. Kipimo ni rahisi: ikiwa ni lazima upige kelele ili mtu aliye hatua moja nawe akusikie, sauti imezidi.

Nne, wimbo mbaya ukipigwa hata hivyo, usikimbilie kunyang'anya mikrofone, wala usimtukane kijana wa sono mbele ya rafiki zake. Nenda kwa prefe au mkubwa wa michezo, yeye atume mtu kwa utulivu. Yule kijana anatafuta chakula kama wengine. Akiheshimiwa leo, mchezo ujao atakuja na nyimbo nzuri.

Tano, tusiache wasichana wetu kuitwa katikati ili watupiwe noti. Anayetaka kusifu mchezo atie franka yake kwenye kikapu cha shule, mbele ya wote, ili tununue mipira.

Na ninyi vijana, msifikiri tunawanyima furaha. Tungeni nyimbo za shule yenu, zenye majina ya wachezaji wenu. Paulo aliwaandikia Wakorintho kama baragumu ikitoa sauti isiyojulikana, hakuna atakayejitayarisha kwa vita. Mchezaji pia anataka kusikia jina lake.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani

1. Katika mchezo wa mwisho wa shule yetu, nani alilipa sono?
2. Tunapiga nyumbani nyimbo gani ambazo tunazikataza shuleni?
3. Binti yetu akiitwa kucheza mbele ya watu, atajibu namna gani, na nani atasimama karibu naye?