Pikipiki ya Chama Inapokataa Kuwaka

Pikipiki kuukuu ya chama cha msingi, Bukoba au Muleba, husimama muda mrefu baina ya misimu. Kahawa inapoanza kukusanywa, hukataa kuwaka. Mara nyingi injini haina kosa. Petroli iliyobaki ndani ya kabureta hukauka, ikaacha utandu unaoziba tundu dogo la mafuta. Katibu apige kiki mara kadhaa, kisha afungue plagi: ikiwa kavu, mafuta hayafiki, ikiwa imelowa, kosa litafutwe kwenye cheche. Tundu lisafishwe kwa petroli na upepo wa pampu ya baiskeli. Waya, ambao mafundi wengine huupenda mno, hulipanua, na tangu hapo pikipiki hunywa fedha za wanachama. Msimu ukiisha, koki ifungwe na injini iachwe ingurume mpaka izimike yenyewe.