Prosesa za Simu na Vifaa Vidogo

Kompyuta ya mezani huhitaji feni ya kuipoza. Simu yako haina feni, na hufanya kazi kwa saa nyingi kwa kutegemea betri ndogo. Ukiulizwa sababu kwenye mtihani, usijibu kwamba "simu ni ndogo". Eleza muundo wa prosesa yake.

Prosesa hutekeleza amri. Muundo wa CISC una amri nyingi, na baadhi yake hufanya mambo kadhaa kwa pamoja. Muundo wa RISC una amri chache na rahisi. Amri rahisi zinaweza kutekelezwa kwa transista chache, na hivyo kupunguza matumizi ya umeme na joto.

Hatua muhimu za kukumbuka

1985: Kampuni ya Acorn ya Cambridge, Uingereza, ilipata prosesa yake ya kwanza ya RISC, iliyoitwa ARM. Wabunifu wake walikuwa Sophie Wilson na Steve Furber. Ilikuwa na transista zipatazo 25,000, wakati Intel 80386 ya mwaka huohuo, yenye muundo wa CISC, ilikuwa na 275,000. Ilikusudiwa kompyuta za mezani. Simu zilikuja kunufaika baadaye.

1990: Acorn, Apple na VLSI ziliunda kampuni ya ARM. Badala ya kuuza prosesa, iliuza haki ya kutumia michoro yake. Ndiyo maana muundo huo ulienea kwa watengenezaji wengi.

1994: Zilianzishwa amri fupi za biti 16, ziitwazo Thumb, badala ya biti 32. Programu zikachukua nafasi ndogo zaidi kwenye kumbukumbu.

2011: ARM ilitangaza mpango wa kuchanganya viini vikubwa kwa kazi nzito, kama michezo, na viini vidogo kwa kazi nyepesi, kama kupokea ujumbe. Kazi nyepesi haziamshi viini vikubwa, hivyo betri hudumu.

Epuka kosa hili

Wanafunzi wengi huandika kwamba RISC ni dhaifu. Si kweli. Tangu 2020, Apple imekuwa ikitumia prosesa za muundo wa ARM hata kwenye kompyuta zake.

Jipime

Mashine ya kufulia hurudia kazi zilezile chache kila siku. Je, utaiwekea prosesa ya aina gani? Toa sababu mbili. (Alama 4)

Dokezo: fikiria umeme na nafasi ya kumbukumbu.