Je, Wajua? Dawa ya Makohozi Huokoa Ini

Je, wajua kuwa dawa inayolainisha makohozi ndiyo hiyo hiyo hospitali humpa mtu aliyezidisha parasetamoli? Inaitwa asetilisisteini. Ina salfa, ndiyo maana hunuka kama yai viza. Kifuani hukata viunganishi vya protini vinavyoyafanya makohozi kuwa mazito, yakawa rahisi kukoholewa.

Kwenye ini kazi yake ni nyingine kabisa. Parasetamoli ikizidi, ini huzalisha sumu nyingi hadi glutathioni, kinga yake ya asili, ikaisha. Asetilisisteini hulipatia ini malighafi ya kutengeneza glutathioni mpya. Hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 tangu vidonge vimezwe, ingawa hata baadaye bado husaidia.

Hatari ni kwamba siku ya kwanza mgonjwa anaweza kujiona mzima, huku ini likiharibika kimyakimya. Basi msingoje macho yageuke manjano. Aliyezidisha parasetamoli, awe mtoto au mtu mzima, mkimbizeni hospitali mara moja, na mbebe pakiti ya vidonge alivyomeza ili daktari aione.