Mkate wa Mnyonge Katika Mji wa Bombay

Ndugu msomaji, siku ya sikukuu, watu watokapo kanisani, watoto humvuta mama nguo wakitaka kununuliwa kitu kwa yule auzaye kando ya njia. Humo sinianimwe mna bajia, na kachori za mbatata zilizotoka sasa hivi katika mafuta. Basi mwanunua, watoto wala, na safari ya nyumbani yawa fupi. Je, umepata kujiuliza vyakula hivi vilitoka wapi? Vilivuka bahari kutoka Bara Hindi, kama zilivyovuka chapati tunazokula na chai. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja Unguja na Mombasa kwa upepo wa kaskazi, na baadaye Wahindi wengi wakaja kwa meli, wakafungua maduka na kuleta mapishi yao.

Leo twende tukavione vyakula hivyo kwao, katika mji wa Bombay, ambao tangu mwaka 1995 huitwa Mumbai. Hatutaingia katika hoteli kubwa. Tutasimama barabarani, maana huko ndiko wanakokula watu wa kazi, na huko ndiko tutakakopata habari yenye mafundisho.

Nje ya stesheni ya Dadar

Mumbai ni mji mkubwa mno. Hesabu ya watu ya mwaka 2011 ilikuta humo zaidi ya milioni 12. Mamia ya maelfu huondoka nyumbani alfajiri, hujibana katika treni, na hawarudi mpaka usiku. Mtu wa namna hii atakula nini mchana, naye mfukoni ana senti chache?

Jibu lake laitwa vada pav. Wenyeji husimulia kwamba aliyeianza ni Ashok Vaidya, aliyefungua kibanda chake nje ya stesheni ya Dadar mwaka 1966. Tazama inavyotengenezwa. Viazi huchemshwa na kupondwa, kisha hutiwa haradali, manjano, kitunguu saumu, pilipili mbichi na majani ya giligilani. Mpishi huviringa madonge, huyachovya katika uji mzito wa unga wa dengu, na kuyatumbukiza katika karai la mafuta yanayochemka. Likisha kuiva, donge hutiwa ndani ya mkate mdogo uliopasuliwa, pamoja na chatini kavu ya kitunguu saumu, nazi na pilipili. Mtu hulishika kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili hushika mlango wa treni. Hahitaji sahani, kijiko, wala kiti.

Ewe msomaji wa pwani, najua umekwisha kusema moyoni, "Hiyo si kachori yetu?" Naam, ni ndugu yake.

Chakula kilichotoka nchi za mbali

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Watu wa Mumbai huiona vada pav kuwa chakula chao hasa. Lakini kiazi hakikuota Bara Hindi tangu zamani, wala pilipili hii. Vyote viwili asili yake ni Amerika, na Wareno ndio waliovileta kwa merikebu zao. Hata jina la kiazi huko Mumbai ni batata, nalo limetokana na Kireno. Na watu wa Unguja husemaje? Husema mbatata! Neno "pav" nalo ni la Kireno, maana yake mkate. Wareno waliitawala Goa mpaka mwaka 1961, na Wakristo wa Goa wakajulikana kwa kuoka mikate katika mji wa Bombay. Ndio ndugu za wale Wagoa ambao wazee wetu waliwajua hapa Afrika ya Mashariki, makarani, washoni na wapishi. Na Wareno hao ndio walioanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593.

Basi usimcheke mtu kwa chakula chake, ukasema, "Sisi hatuli vitu vya kigeni." Hata mahindi na mihogo iliyomo shambani mwako ilitoka Amerika. Chakula hakina kabila. Aliyekipokea vizuri na kukipika vizuri, huyo ndiye mwenyewe.

Viwanda vilipofungwa

Tangu miaka ya 1850 mji ule ulijengwa viwanda vingi vya kusokota pamba na kufuma nguo. Vijana walitoka vijijini, wakaacha wake zao na wazee shambani, wakaja kufanya kazi humo mchana na usiku. Waliishi wengi katika chumba kimoja. Vada pav ilipozuka, wao walikuwa miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa, kwa sababu hushibisha na bei yake ni ndogo.

Kisha ikaja shida. Tarehe 18 Januari 1982 wafanyakazi wapatao 250,000 waligoma wakidai mshahara ulio bora, wakiongozwa na Datta Samant. Mgomo ulipita mwaka mzima. Wenye viwanda hawakukubali, nao wafanyakazi walikwisha kula akiba yao yote. Viwanda vingi vikafungwa moja kwa moja. Maelfu ya akina baba walibaki bila kazi, nao hawakujua ufundi mwingine ila kuangalia mashine ya kufumia. Mahali pengine palipokuwa na kiwanda, leo pamesimama maduka ya fahari.

Walifanya nini watu hao? Wako walioanguka katika ulevi na madeni. Wako waliorudi kijijini mikono mitupu. Lakini wengi walinunua karai, jiko, na gunia la viazi, wakasimama kando ya barabara. Chakula walichokuwa wakikinunua walipokuwa na mshahara, sasa walikiuza ili watoto wao waende shule. Mzee mmoja kumenya viazi, mkewe kukanda, kijana kukaanga. Ndivyo jamaa nyingi zilivyopona.

Wala tusiwasahau akina mama. Kabla ya mgomo huo, wanawake wengi wa mtaa wa viwanda walikuwa wakiwapikia vibarua katika nyumba zao, nao walinyonywa na wakopeshaji wa riba. Mwaka 1975 mama mmoja, Prema Purao, aliwakusanya katika chama kiitwacho Annapurna Mahila Mandal, wakadhaminiana na kupata mikopo ya benki. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Akina mama wetu walio katika vyama vya kuweka na kukopa wataelewa upesi jambo hili.

Ufukoni jioni

Jioni watu huteremka ufukoni Chowpatty kupunga upepo. Hapo utakuta bhelpuri: mchele uliokaangwa mpaka ukafura kama bisi, ukachanganywa na vitunguu, viazi, tambi za unga wa dengu, na chatini ya ukwaju. Huchanganywa mbele ya macho yako, nawe huna budi kula mara moja kabla haujalainika. Kuna na pav bhaji, yaani mboga zilizopondwa na kupikwa kwa siagi juu ya bamba pana la chuma, huliwa kwa mkate ule ule mdogo. Kiu ikikushika, kuna maji ya miwa, au chai nusu glasi kwa mtu asiye na bei ya glasi nzima.

Kuna pia pani puri, vijungu vidogo vikavu vya unga, kila kimoja kadiri ya kuingia kinywani. Muuzaji hukitoboa kwa kidole, hutia viazi au dengu, hukichovya katika maji yenye nanaa na ukwaju, nawe hukimeza chote mara moja. Ni kitamu sana, lakini hapa, ndugu yangu, ngoja kidogo. Maji yale yametoka wapi? Kidole kile kimenawa? Homa ya matumbo na kipindupindu hupita katika maji machafu na mikono michafu, huko kama huku.

Kwa hiyo shika kanuni hizi, uwe Mumbai au gulioni kwenu. Chagua kilichotoka motoni sasa hivi, kingali cha moto. Usinywe maji usiyojua kama yamechemshwa. Muuzaji mwenye wanunuzi wengi ni bora, maana chakula chake hakilali. Mafuta yakiwa meusi kwa kutumika mara nyingi, pita. Na mwaka 2016 wakuu wa usalama wa chakula wa India waliwaonya watu wasifungie chakula katika karatasi za magazeti, kwa kuwa wino una madhara. Hata gazeti hili, mama, lisome tu; usilifungie maandazi.

Kugombea mahali pa kusimama

Usidhani kazi ile ni rahisi. Kwa miaka mingi muuzaji wa barabarani alikuwa akiishi kwa hofu. Gari la halmashauri likitokea, yeye hukimbia na karai la moto; akikamatwa, mali yake huchukuliwa. Wauzaji walipeleka kilio chao mahakamani, na mwaka 1989 Mahakama Kuu kabisa ya India ilisema kwamba kuuza kando ya njia ni haki ya raia, ila kwa utaratibu. Mwaka 2014 ikatungwa sheria ya kuwalinda nchini pote. Yaamuru wauzaji wote wahesabiwe na kupewa hati, na asiondolewe mtu kabla ya hesabu hiyo. Tena katika kamati za mji zinazopanga mahali pa kuuzia, wauzaji wenyewe wasipungue 40 katika kila wajumbe 100.

Lakini upande wa pili nao una haki yake. Tarehe 29 Septemba 2017, wakati wa mvua, watu walisongamana katika daraja la miguu la stesheni ya Elphinstone Road, na zaidi ya 20 wakafa kwa kukanyagana. Muda mfupi baadaye mahakama ya Bombay ilikataza kuuza vitu karibu na stesheni kwa umbali wa mita 150. Mwenda kwa miguu ataka njia. Muuzaji ataka riziki. Wote wawili ni maskini, na pengine ni mtu yule yule, asubuhi mpita njia na jioni muuzaji. Sheria njema ni ile inayowakumbuka wote wawili, na kuandika sheria ni kazi nyepesi kuliko kuitimiza.

Neno la mwisho

Wahenga walisema, "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu." Mfumaji yule wa Bombay aliyepoteza mashine yake hakupata tena mshahara wa kiwanda, lakini hakukaa kitako. Nasi katika vijiji vyetu tunao watu kama yeye: mjane auzaye vitumbua penye kituo cha basi, kijana achomaye mihogo, mama lishe aliyeamka saa kumi za usiku kuwasha moto. Utakapomwona, usimdharau, wala usimpunguzie bei mpaka akakosa faida. Mlipe haki yake, mpe na asante. Nawe uuzaye, nawa mikono, funika chakula chako, na usimpe mtoto wa mwenzio kile usichoweza kumpa wako.