MARADHI YA KIWELE NA NG'OMBE WETU WA MAZIWA

Ndugu Wanachama,

Jarida letu huzungumza karafuu, lakini wengi wetu tunafuga pia ng'ombe mmoja au wawili. Karafuu huchumwa kwa msimu, na ipo miaka mikarafuu haizai kitu. Maziwa hupatikana kila siku. Tena samadi ya zizini hurutubisha mashamba yetu. Kwa hiyo yafaa tuyajue vyema maradhi ya kiwele, ambayo huwatia hasara kubwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa duniani kote.

Kiwele cha ng'ombe kina vyumba vinne, kila chumba na chuchu yake, na maziwa ya chumba kimoja hayaingii katika kingine. Vijidudu vya maradhi hupenya kwa tundu la chuchu. Vingine hutoka kwa ng'ombe mgonjwa vikachukuliwa na mikono ya mkamaji au kitambaa chake. Vingine hukaa katika kinyesi na tope la zizi.

Chumba kilichoshikwa huvimba, huwa kigumu na cha moto, na ng'ombe hurusha teke akiguswa. Maziwa hutoka na madonge, au hugeuka majimaji, usaha au damu. Ikiwa ng'ombe ana homa, ameacha kula na amelala asiweze kuinuka, basi hiyo ni namna kali iwezayo kumwua upesi. Mwite daktari wa mifugo saa ile ile, usingoje kesho.

Iko namna nyingine, nayo ndiyo nyingi zaidi. Kiwele hakivimbi, maziwa ni meupe kama kawaida, ila hupungua kidogo kidogo. Mwenyewe hulaumu majani au jua kali, kumbe maradhi yamo ndani. Namna hii hujulikana kwa kipimo kilichotangazwa huko California mwaka 1957: maziwa ya kila chuchu hukamiwa katika kikombe chake, yakachanganywa na dawa kwa kiasi sawa. Maziwa mazima hubaki mepesi. Yenye maradhi huwa mazito na ya kuvutika kama ute wa yai. Mwombeni bwana mifugo awapimie.

Matibabu ni kazi ya daktari. Aghalabu chumba kigonjwa hukamwa mpaka kiishe, chuchu ikasafishwa, kisha dawa ya kuulia vijidudu ikatiwa kwa kibomba katika tundu lake. Dawa hiyo lazima imalizwe kwa siku zilizoamriwa, hata uvimbe ukipungua siku ya pili. Anayeikatiza huviacha vijidudu vilivyo sugu, na mara nyingine dawa ile haitafaa. Wala mtu asitie mafuta ya karafuu ndani ya chuchu. Sisi wakulima wake twajua yanavyowasha. Humo yataunguza nyama laini na kuzidisha uvimbe.

Sasa nakuja kwenye jambo zito. Maziwa ya ng'ombe anayetibiwa, ya chuchu zote nne, hayafai kunywewa wala kuuzwa mpaka zipite siku alizozitaja daktari. Kuyachemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi dawa. Wapo watu ambao dawa kama penisilini huwadhuru hata ikiwa kidogo. Najua kumwaga maziwa ni uchungu kwa anayeyategemea kwa chumvi na ada ya skuli. Lakini tufanye hesabu. Tuseme ng'ombe hutoa lita 8 kwa siku, na unamwaga kwa siku 6: umepoteza lita 48. Usipomtibu, chumba kimoja kikafa, unapoteza kama lita 2 kila siku. Kwa siku 300 ni lita 600. Na mteja wako ni jirani, anampa mtoto wake maziwa hayo kwa kukuamini wewe.

Kinga yake haihitaji fedha nyingi:

1. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kukama na baada ya kila ng'ombe.
2. Safisha chuchu na uzikaushe, kila ng'ombe na kitambaa chake safi.
3. Kamia matone ya kwanza katika kikombe chenye kitambaa cheusi, uone kama yana madonge.
4. Anza na ng'ombe wazima, umalize na mgonjwa. Maziwa yake usiyamwage zizini.
5. Ukimaliza, chovya kila chuchu katika dawa ya aidini iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.
6. Mpe majani mara tu baada ya kukamwa ili asimame, kwani tundu la chuchu huchelewa kujifunga.
7. Ondoa kinyesi kila siku, zizi liwe kavu.
8. Acha kumkama kiasi cha siku 60 kabla hajazaa, na umwulize daktari kuhusu dawa ya wakati huo.

Haya yanahitajika zaidi wakati wa kuchuma, ambapo sote tumo mikarafuuni na majamvini, na ng'ombe huachiwa mtoto amkame kwa haraka kabla ya skuli. Mfundisheni mtoto huyo mambo haya manane kabla msimu haujafika. Na aliye na ng'ombe mgonjwa asimfiche: mficha maradhi kilio humfichua.

Wenu,
Katibu